Grupu la wazazi linaweza kupima elimu bila malipo?

SWALI: Habari za kazi kaka. Tuna grupu la WhatsApp la wazazi wa shule nne za msingi hapa Morogoro. Kila siku ni kubishana, wengine wanasema elimu bila malipo imewakomboa, wengine wanasema michango imerudi kimyakimya. Tutaujuaje ukweli? – Mama Wawili

JIBU: Dada yangu, nimefurahi mno kwamba mnataka kuhesabu badala ya kubishana. Ada na michango ya lazima ilifutwa kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, Januari 2016 watoto wakamiminika mpaka madarasa yakafurika. Sasa ukihesabu walioandikishwa tu utasema sera imefaulu, ukihesabu msongamano tu utasema imefeli, na yote ni shule ileile.

Grupu lenyewe halitunzi kitu, meseji zinazama. Fungueni Google Sheets moja (jedwali la mtandaoni) kila mzazi ajaze kwa simu yake, mwanangu yuko darasa la ngapi, wako wangapi humo ndani, mwezi huu nimetoa shilingi ngapi na za nini (uji, mlinzi, mitihani), risiti nimepewa au hamna. Maswali yawe yaleyale kwa wote na majibu yawe namba, maana ukiuliza "michango ni mingi?" kila mtu anajibu kwa hasira zake. Alafu wale wasio na smatifoni wafuateni nyumbani muwajazie, jamani msiwasahau, sera iliwalenga wao kwanza.

Ya leo peke yake haitoshi. Kupitia kamati ya shule ombeni mahudhurio ya 2014 na 2015 mlinganishe, na ruzuku iliyoingia shuleni nayo muulize, kiwango ni sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka ila sehemu yake hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Mkikuta shule yenye mchango wa uji watoto hawatoroki na isiyo na uji wanatoroka, hapo mna kitu kizito cha kuongea.

Inawezekana kabisa, Dar es Salaam kupitia mradi wa Ramani Huria wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaa na mifereji kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, kila mtu kipande chake, kwa ajili ya mafuriko.

Majina ya watoto msiweke, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na kabla hamjasambaza popote, mwalimu mkuu azione namba za shule yake, pengine ana risiti ambazo nyie hamkuziona.