Maswali ya Saa: "Ya babu ina jambia usoni, nimpe fundi?"

SWALI: Asalaam aleikum. Babu yetu mzaa mama alihamia Maskati mwanzoni mwa miaka ya 70, akafanya kazi serikalini mpaka kustaafu, akarudi Unguja na Rolex ya chuma ambayo usoni ina kijambia cha rangi ya dhahabu kama kile cha kwenye bendera ya Oman. Ameshafariki, Mungu amrehemu, na saa tumeikuta kwenye kopo la biskuti, kioo kina mikwaruzo na uso umeanza kuwa manjano. Fundi mmoja kaniambia nimpe aipige polishi na kuupaka uso upya ndo niuze. Binamu yangu huko kwenye grupu la familia kashaanza kusema hiyo ni bei ya nyumba. Nifanyeje?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usimpe. Hata kama ni fundi mzuri, hata kama ni shemeji yako, usimpe kwanza.

Hilo jambia ndo habari yenyewe. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 alikuwa akiagiza saa zenye nembo ya Oman, nyingi zikipitia duka la Asprey la London, akiwatunuku maafisa, wanajeshi na wageni wake, kwa hiyo ya babu kuwa nayo si hadithi ya ajabu, na mtu anayekusanya saa atalipa mara kadhaa zaidi ya anavyolipa kwa saa ileile isiyo na jambia. Sasa hesabu mwenyewe: hela yote iko kwenye kale kachapa kadogo juu ya uso, na fundi anataka kuupaka rangi! Akimaliza utabaki na Rolex ya kawaida iliyoharibiwa. Umanjano wa uso wala usikutie aibu, wanunuzi wanaupenda huo. Polishi nayo inakula kingo za chuma, na chuma kikishaliwa hakirudi.

Ila tusishangilie mapema, maana wajanja wanachukua uso wa kawaida wanapachika jambia. Tafuta kile kioo cha sonara cha kukuzia uangalie: chapa ya kiwandani ina mistari myembamba, kingo kali, ile ya mtaani mara nyingi inavuja kama muhuri wenye wino mwingi. Halafu angalia zile alama zinazong'aa gizani. Enzi hizo waliweka tritiamu, kitu chenye mionzi cha kung'arisha rangi, ndo maana chini kabisa ya uso pana herufi T pembeni ya neno SWISS, na nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi, kwa hiyo saa ya 1974 leo inatakiwa iwe imekufa gizani. Zima taa. Ikiwaka usiku kucha kama taa ya chooni, ujue uso umebadilishwa au umepakwa upya.

Mkanda ukitolewa (mwambie anayetoa asikwaruze) utaona namba kwenye ubavu wa chuma, upande wa tarakimu 12 ya uso ni ya modeli, upande wa tarakimu 6 ni ya saa yenyewe. Tuseme modeli ni 1601, hiyo ni Datejust, mashine yake inaitwa 1575 lakini ukifungua utakuta imeandikwa 1570, watu wengi wanashtuka hapo wanadhani wamepigwa, kumbe kiwanda ndo kilivyofanya.

Rolex hawakupi cheti cha kumbukumbu za saa ya zamani, hivyo ushahidi wako ni makaratasi ya babu: barua ya kazi, picha kaivaa, pasi yenye mihuri ya Maskati. Vitafute kabla watoto hawajavichana. Na usione ni ujuaji wangu, mwaka 2021 huko Geneva iliuzwa saa ya zamani ya Omega Speedmaster kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na 2023 ikaja kubainika ni ya kuungaunga vipande, na aliyeinunua ni kampuni ya Omega yenyewe kwa ajili ya makumbusho yao! Sasa mimi na wewe ni nani.

Ukishakusanya hivyo, tuma picha kwa nyumba mbili tatu kubwa za mnada, makadirio ya mwanzo kwa kawaida hawatozi. Na ndugu wote wajue mapema, hiyo ni mirathi.

SWALI: Niaje, nimeokota Seiko 5 Gikomba, uso orenji mkali sana, muuzaji anasema ni ya 1972 na haijawahi kuguswa. Ni ukweli?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Haijaguswa wapi, imepakwa juzi. Ziko nyingi hizo, zinatoka India, mashine ni Seiko kweli ila uso umechapwa upya kwa rangi za harusi. Geuza nyuma, usome namba ya saa: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, ila Oktoba, Novemba na Desemba ni herufi O, N na D. Ikianza na 2 inaweza kuwa 1972 au 1982, ndo uangalie na aina ya mashine. Kisha linganisha tarakimu nne za mwanzo za modeli hapo nyuma na zile ndogondogo zilizoandikwa kwenye ukingo wa chini wa uso. Kama hapo ukingoni hakuna kitu, au zimeandikwa kombo, jibu unalo. Kama ulilipa hela ya lanchi hujaibiwa, we ivae tu, ila usije ukamuuzia mwenzako kwa hiyo stori ya 1972.