Gitaa la kwanza la umeme: ninunue lipi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Napenda sana gitaa la solo la muziki wa dansi, nami nimeweka akiba ya kununua gitaa la umeme na amplifaya. Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Squier Stratocaster na Yamaha Pacifica 112 yanawafaa sana wanaoanza, na kila moja lina pikapu tatu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), kwa hiyo utapata hata ile sauti nyembamba, ang'avu, inayopendeza katika solo. Kabla ya kulipa, pitisha kiganja taratibu ukingoni mwa shingo. Ncha za vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo zikikukwaruza, liache. Kisha piga uzi ukiwa wazi, uubonyeze kwenye chuma cha 12 na uupige tena: sauti ya pili ikipishana na oktava ya ile ya kwanza (noti ileile, ila ya juu zaidi), gitaa linahitaji kurekebishwa na fundi. Omba nyuzi nyembamba, zinazoanzia inchi 0.009, kwa kuwa vidole vyako bado ni laini.

Kwa chumbani, amplifaya ya wati 10 inatosha kabisa. Mimi ningesisitiza iwe na tundu la hedifoni, ili ufanye mazoezi usiku bila kuwaamsha majirani. Bakiza fedha za waya, tyuna (kifaa cha kukusaidia kulinganisha sauti za nyuzi) na nyuzi za akiba.