Dodoma: tazama kwanza njia ya kurudi

Swali la wiki hii lilikuwa: “Unakoishi, watu wa uwezo tofauti wakimbilie wapi ili wafaidi mandhari bila kuumia?” Najibu kwa niaba ya Dodoma, ninakoishi na ninakokimbia na majirani kila Jumamosi alfajiri. Kwenye kikundi chetu wamo wanafunzi wa chuo, watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam, akina mama wawili wenye presha na mzee mstaafu ambaye kwenye mteremko hakamatiki. Kuwatafutia wote hawa njia moja kumenifanya niamini jambo moja: hapa kwetu njia huchaguliwa kwa kutazama kwanza safari ya kurudi.

Kwenda hakumshindi mtu. Saa kumi na mbili asubuhi kuna ubaridi, miguu bado mizima, na vilima vya mawe vinavutia macho. Kurudi ndiko kwenye jua, upepo na kiu, na nchi hii ya migunga na mibuyu haina kivuli kingi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mgeni wa Pwani akiona pumzi inamwishia mapema, asijilaumu. Apunguze mwendo kwa wiki mbili tatu za mwanzo, mwili utazoea.

Upepo nao una kawaida yake. Kiangazi chote huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Kwa hiyo mimi huanza kuelekea mashariki, upepo ukinipiga usoni nikiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi unisukume mgongoni. Jua la asubuhi litakuwa machoni wakati wa kwenda, kofia yenye ukingo inatosha. Lakini ukirudi na upepo mgongoni, jasho halikauki haraka na joto unalisikia zaidi, ndiyo maana maji ya kunywa nayaweka kwa ajili ya nusu ya pili. Mwezi wa saba jua linachelewa kuchomoza, karibu saa moja kasorobo, na baridi inauma masikio. Mwezi wa kumi na moja linatoka mapema kidogo baada ya saa kumi na mbili, na ikifika saa mbili unusu ungependa uwe umeshaoga.

Sasa njia zenyewe. Anayeanza, anayerudi baada ya kujifungua, au mwenye uzito unaomsumbua magoti, namwambia asitafute mlima. Mitaa ya Uzunguni na Area D inamtosha kabisa. Kuna miti mikubwa, barabara si za kupanda sana, na sifa yake kubwa ni kwamba unaweza kukatisha popote. Ukichoka, unakunja kona ya kwanza na uko njiani kurudi nyumbani. Akimbie dakika moja, atembee mbili, na azungumze na mwenzake muda wote. Sentensi ikianza kukatika katikati, mwendo umezidi. Mwenye presha au kisukari amwone daktari kabla ya kuanza, na hili nalisema kwa uzito wote kwa sababu watu wazima wengi hukimbia kwanza na kupima baadaye.

Kwa anayeweza kukimbia nusu saa bila kusimama, sijaona mahali panapozidi Chuo Kikuu cha Dodoma. Chuo kilianzishwa 2007, kiko kilomita kama nane kutoka katikati ya mji, na eneo lake ni la hekta zipatazo 6,000, limetandazwa juu ya vilima vya Chimwaga. Ndaki, yaani vyuo vidogo vilivyo ndani yake, ziko mbalimbali, na barabara za lami kati yake hupanda na kushuka taratibu, kwa hiyo mapaja hufanya kazi na kupumzika kwa zamu. Mwinuko wa kwanza unaupanda kwa hatua fupi, macho mbele ya miguu. Ukifika juu, geuka. Mji wote uko chini, mabati yanaanza kung'aa, vilima vya mawe vimesimama huku na huku, na vumbi la asubuhi bado limelala mabondeni. Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, ardhi hiyohiyo huwa kijani mpaka mtu aliyeiona mwezi wa tisa anashangaa. Walinzi wakikuuliza, simama, salimia, jieleze; wanafanya kazi yao.

Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ni chaguo la wanaopenda barabara pana na kukimbia kwa mwendo uleule kwa muda mrefu. Panda gari hadi huko. Kukimbia kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam pamoja na malori na mabasi simshauri mtu yeyote. Na ukiwa maeneo ya ofisi za serikali, simu ibaki mfukoni.

Kisha kuna vilima. Mlima wa Simba ndio unaojulikana zaidi, na upande wa Ntyuka kuna miinuko mingine yenye njia za miguu zilizotengenezwa na mbuzi na wachota kuni. Hapa ndipo nina msimamo mkali kidogo: kilima cha mawe ni cha miguu iliyokwisha kuzoea. Kupanda hakumuumizi mtu, kwa sababu pumzi itamsimamisha mwenyewe. Kushuka ndiko kunakovunja paja na goti, kwani kila hatua misuli inazuia uzito wote wa mwili, na maumivu yanakuja kesho yake au keshokutwa. Aliyekaa ofisini mwaka mzima akishuka mbio siku ya kwanza, Jumatatu ngazi za ofisini atazishuka kinyumenyume. Panda kwa kutembea, kaa juu upumzike, shuka kwa kutembea pia. Ukirudi mara nyingi ndipo uanze kukimbia vipande vifupi.

Jiwe la huku ni gumu na lina chembechembe zinazoshika soli vizuri likiwa kavu. Likilowa, hasa penye ukungu mweusi, linateleza vibaya. Tazama pia mbigili. Mmea huu hutambaa chini, una maua madogo ya njano, na mbegu yake ikikauka ina miiba inayotoboa soli laini ya raba. Tukimaliza kukimbia Ntyuka huwa tunakaa kwenye ukingo wa barabara, viatu vimegeuzwa juu, kila mtu anachomoa mbigili kwa kucha au kwa funguo, na hapo ndipo mazungumzo matamu ya wiki hufanyika. Pimbi nao wanakuwa wametoka kuota jua juu ya mawe wakitutazama. Raba zenye soli nene ni kwa ajili ya huku, zile nyembamba za lami ziache nyumbani.

Makorongo yana utamu wake: mchanga mtupu, kimya, kivuli kwenye kingo. Dakika kumi kwenye mchanga huo zinachosha kuliko dakika kumi za barabarani, na misuli ya nyuma ya mguu ndiyo inayolipa, kwa hiyo yaingie kidogo kidogo. Kuanzia Desemba hadi Aprili usikimbie humo kabisa. Maji yanaweza kushuka kutoka mvua iliyonyesha mbali huku juu yako mbingu ni safi.

Narudi kwenye kikundi, maana hili ndilo wasomaji wengi watakutana nalo. Mkiweka umbali mmoja kwa wote, wepesi watasubiri wakipoa na kupata baridi, na wazito watakimbia kwa aibu mpaka waumie. Sisi tunagawana muda. Tunaanza pamoja, kila mtu kwa mwendo wake kwenye njia moja ya kwenda na kurudi, na dakika ya 25 ikifika kila mmoja anageuka pale alipo. Kijana anakuwa ameshafika mbali, mama yuko karibu, lakini wakirudi kwa mwendo uleule wanafika pamoja mahali tulipoanzia. Anayefika amechelewa sana anajua kwamba kwenda alikwenda kasi kuliko uwezo wake, na wiki ijayo anajirekebisha bila kuambiwa na mtu. Mzee wetu mstaafu tangu tuanze utaratibu huu hajakosa Jumamosi, na akina mama wawili wameleta wenzao. Ninaupenda kwa sababu hakuna anayeachwa peke yake porini, na hakuna anayebanwa.

Kwa usalama: magari yetu hupita kushoto, hivyo kimbia upande wa kulia uone kinachokuja, hasa bodaboda zisizowasha taa. Dada zangu, mapito ya vilimani twende wawili au watatu, na mtu nyumbani ajue tumeelekea upande gani. Jumamosi jiepushe na barabara ya Arusha jua likishapanda, kwa sababu ya mnada wa Msalato. Magari na mifugo hujaa njiani. Ukiwa umemaliza mbio zako, basi, karibu mnadani upate nyama choma.

Wenye nafasi ya kutoka nje ya mji wana hazina kubwa. Hombolo kuna bwawa na mashamba ya mizabibu, njia za vumbi tambarare zinazomfaa hata anayeanza. Maji ya bwawa yatazame tu, kwa sababu ya kichocho. Kondoa, ukifika Kolo, unapanda kwa miguu hadi kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2006, na huko mwinuko ni mkali wa kweli. Singida kuna ziwa Singidani na ziwa Kindai kando ya mji, na majabali makubwa yaliyobebana. Mkoa huo ndio uliomlea Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wa mwisho huku muda wao ukiandikwa sawasawa. Ardhi kavu ya katikati ya nchi imeshaonyesha inaweza kutoa nini.

Nina ombi moja kwa wenye dhamana ya mji. Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, mpango wa mji uliofuata mwaka 1976 uliwapa kipaumbele watembea kwa miguu. Leo miji midogo inaota kila upande na viwanja vinapimwa hadi chini ya vilima. Njia ya mbuzi ikishazungushiwa ukuta haifunguki tena. Wapimaji wanapoweka bikoni kuzunguka Ntyuka na Mlima wa Simba, waache kipito cha mita tatu cha kupanda na kingine cha kushuka, na wakiandike kwenye ramani kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Na wakaazi wa kata hizo, ramani za mipango miji zikibandikwa ofisi ya kata, tupite tuzisome na tutoe maoni muda ungali upo.