Nishike programu gani ya 3D?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili usanifu majengo na hii 3D inanitesa. Nilianza SketchUp, nikaambiwa wasanifu wa kweli wanatumia Revit nikahamia, ikanishinda, sasa hivi niko Blender na hakuna hata moja ninayoijua vizuri. Modeli zangu nazo ni vurugu tupu, nikisogeza ukuta sakafu inavutika inaenda nao, na kompyuta inaganda. Nishike ipi?

JIBU: Marahaba. Rudi SketchUp, na usione aibu. Hilo la ukuta kuvuta sakafu linatibika leo leo. Kwenye SketchUp mistari na nyuso zikigusana zinashikana, ndivyo ilivyotengenezwa, kwa hiyo ukimaliza kuchora ukuta ufanye grupu kabla hujagusa kitu kingine, sakafu iwe na grupu yake, paa nalo hivyo hivyo. Kinachojirudia kama dirisha au nguzo kifanye komponenti, ukirekebisha moja zote zinabadilika na faili haliwi zito. Kuganda mara nyingi kunaletwa na samani na miti ya kudanlodi, kochi moja linaweza kuwa na nyuso nyingi kuliko nyumba yako nzima, yaani unabeba kila mshono wa mto wakati picha yenyewe inapigwa kutoka barabarani!

Sasa hao wasanifu wa kweli. SketchUp inajua mistari na nyuso tu, haijui kama huu ni ukuta. Revit inajua: ukiweka mlango ukuta unajitoboa wenyewe, ukiusogeza basi ramani, mkato na jedwali la milango vyote vinafuata, ndo maana maofisi yanaipenda, na ndo maana inamsumbua mwanafunzi pia, kwa sababu inakuuliza unene wa ukuta na tabaka zake wakati wewe hujaamua hata jengo litakaaje. Rhino ni kwa maumbo yaliyopinda, na tangu toleo la 6 la mwaka 2018 Grasshopper, kiongezo cha kuunda maumbo kwa kanuni na namba, inakuja humo humo ndani. Blender ni bure na picha zake nzuri mno, ila haikutengenezwa kwa ajili ya majengo. Mimi nasema SketchUp mpaka mkono uzoee, halafu Revit ukianza michoro ya ujenzi. Autodesk, wenye Revit, wanawapa wanafunzi leseni ya bure wakithibitisha kwamba wanasoma, achana na zile za wizi zinazokuja na virusi.

Ila kinachoniuma zaidi ni namna mnavyojifunza. Unafuata video bonyeza kwa bonyeza, mwisho una nyumba ya mtu mwingine na hujui kwa nini dirisha liko pale. Chukua futi kamba, pima jengo unaloingia kila siku, lijenge kwa vipimo vyake halisi, unene wa ukuta, urefu wa dari, mpaka kizingiti. Ukifika kwenye ngazi ndo utaelewa naongelea nini: kimo cha kidato mara mbili ukijumlisha na upana wa pa kukanyagia iangukie karibu na sentimita 63, mfano kimo 17 na upana 29. Kompyuta itakuchorea hata kimo cha 25 bila kulalamika, picha itapendeza, na mtu ataanguka.

SWALI: Mwalimu, picha zangu nikizirenda, yaani kompyuta ikigeuza modeli kuwa picha, zinaonekana kama toi la plastiki hata niongeze kwoliti. Tatizo kompyuta?

JIBU: Sidhani. Angalia kamera kwanza, iweke karibu mita 1.6 kutoka sakafuni, ndo jicho la mtu aliyesimama. Ukipiga kutoka juu juu jengo linakuwa dogo. Halafu saizi ya matirio, yaani ile sura ya tofali au mbao unayobandika kwenye nyuso: kama tofali moja ukutani lina urefu wa nusu mita, macho yanajua kuna uongo hata kama mtu hawezi kusema ni nini. Kona za vitu vya karibu, meza, fremu ya mlango, zilainishe kidogo maana duniani hakuna kona kali kama wembe na ile kona laini ndiyo inayodaka mwanga. Jua nalo usiliweke popote tu, weka mahali kiwanja kilipo, kaskazini yake na saa, hapo utaona na kama chumba chako cha kulala kinachomwa na jua la jioni, urudi urekebishe dirisha kabla ya kuwasilisha.