Miaka mitatu ya kutunza kitufe kimoja

Mjomba wangu ana duka la vipuri vya magari Mwembe Tayari, Mombasa. Mwaka jana aliniomba programu ndogo ya kuhesabu mali. Nikamwambia wiki moja tu. Wiki ya tatu akaniuliza, "Kwani huko kwa wazungu ulikuwa ukifanya nini, mwanangu?"

Ana haki. Miaka mitatu nilifanyia kazi kampuni kubwa ya teknolojia ya ng'ambo, nikiwa nyumbani Tudor. Kazi yangu ilikuwa ukurasa wa malipo. Kusema kweli, kitufe kimoja cha ukurasa huo. Seva, zile kompyuta zinazoendesha huduma, zina watu wake, hifadhidata ina wenyewe, na zana nyingi ni za humo humo ndani, ukitoka hazikufai. Kuanza jambo toka sifuri nilishasahau.

Sisemi usiende kampuni kubwa. Msimbo wangu wa kwanza, yaani maandishi ya programu, mistari kama 80, ulirudi na maoni 41 ya wenzangu walioupitia. Jina hili halieleweki. Hapa mtandao ukikatika katikati, mteja hatalipa mara mbili? Nilinuna siku mbili. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunisoma kwa makini namna ile.

Mshahara nao si wa kubeza. Hisa za kampuni, wanazokupa juu ya mshahara, ndizo usizile kabla hazijaiva: aghalabu hutolewa kidogo kidogo kwa miaka minne, na kwingine ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza huambulii kitu. Wala ukubwa wa kampuni si kinga. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, ilitangaza kuachisha zaidi ya watu 11,000. Januari 2023 Google ikafuata na 12,000.

Kilichonichosha ni mikutano. Saa nne asubuhi ya California ni saa mbili usiku kwetu, na wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa tatu. Ramadhani mbili nilisikia tarawehe kupitia dirishani.

Kwa hiyo ukiitwa, nenda, ila kabla ya kutia sahihi uliza utashika kipande gani na mikutano ni saa ngapi ya Mombasa. Na kila mwezi jitengenezee kitu kizima kwa mkono wako, hata cha chama cha mama yako.

Programu ya mjomba ilikamilika katika mwezi wa pili wa kazi. Juzi stima ilipotea katikati ya mauzo. Iliporudi akafungua daftari lake, akalinganisha na programu: pedi za breki zimehesabiwa mara moja tu.