Kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake aliyefika Kayole bila karatasi

Ndugu, nimesoma swali lako. Mdogo wako wa kike katoka Bukavu, Kongo, na watoto wawili, kahifadhiwa kwenye chumba kimoja Kayole, hapa Nairobi, na kuna bwana anayejiita wakili anayetaka elfu thelathini ili "amtolee hati" ndani ya wiki mbili. Nianze na huyo bwana: asipewe hata shilingi. Kuandikishwa kama mwomba hifadhi Kenya ni bure, na usaili, yaani mahojiano ya kuamua kesi yake, ni bure. Nafasi ya kwenda Ulaya au Marekani nayo haiuzwi, na tangu Marekani isimamishe kupokea wakimbizi Januari 2025 hawa matapeli wamekuwa wengi zaidi, maana watu wamekata tamaa na mwenye kukata tamaa hulipa haraka.

Mimi ni mtu wa Kivu Kusini, niko Nairobi miaka mingi, na kwenye kamati yetu ya Wakongo mtaani kazi yangu ni kusindikiza watu ofisini na kutafsiri. Nayasema niliyoyaona.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka ajitokeze mwenyewe ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Kama zimeshapita, aende hivyo hivyo na aeleze kilichomchelewesha. Kila wiki anayoongeza kujificha ndiyo inayomharibia. Wengi bado wanasema "naenda UN", lakini siku hizi anayeandikisha na kuamua ni serikali ya Kenya kupitia idara yake ya wakimbizi, UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, wako pembeni wanasaidia. Aende alfajiri, aende na watoto wote, abebe chochote alichonacho: kadi ya mpiga kura ya Kongo, kadi za chanjo, cheti cha shule, hata kama kimechanika. Asipokuwa na kitu, bado ana haki ya kusikilizwa. Na asiende peke yake. Foleni ni ndefu, mtoto ataumwa na njaa, mama ataogopa, atarudi nyumbani kabla hajaitwa. Nimeona hilo mara nyingi mno, na mara nyingi kilichokosekana ni mtu wa kumshikia mtoto tu.

Sasa usaili. Hapa ndipo watu wanajimaliza wenyewe. Kuna wanaouza "kesi", yaani hadithi iliyoandikwa tayari, uikariri. Kuna mama mmoja nilimfahamu, mtu wa Bagira kabisa, pale Bukavu, aliyenunua hadithi ya Masisi, kule Kivu Kaskazini, kwa sababu aliambiwa Masisi "inapita", yaani inakubaliwa. Msaili akamuuliza kwa upole: ukitoka kwenu kwenda Goma unapita wapi? Soko lenu siku gani? Jirani zako walilima nini? Mama hajawahi kufika Masisi. Akakaa kimya, akaanza kulia, na kilio nacho kikaandikwa. Ukweli wake mwenyewe, jinsi mume alivyochukuliwa na jinsi alivyovuka usiku, ulikuwa na uzito kuliko ile hadithi. Sasa yuko kwenye rufaa, na kazi yake imekuwa mbili: aeleze kwa nini alikimbia, kisha aeleze kwa nini alidanganya.

Kwa hiyo mdogo wako aseme yake. Mkataba wa Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi unamtambua hata anayekimbia vita na machafuko kwa jumla, si lazima awe ametishwa kwa jina lake, na Bukavu ilivyoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 kila mtu anajua. Tarehe asizozikumbuka aseme hazikumbuki. Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kimashi, lugha ya kwao, kuliko Kiswahili, aombe mkalimani tangu mwanzo; asione haya. Akikataliwa, ana siku 30 za kukata rufaa, na hapo awahi Kituo Cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya. Wote wanasaidia wakimbizi kisheria bila malipo.

Jambo moja gumu nisikufiche. Anaweza kuelekezwa kambi ya Kakuma, kule Turkana. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilizuia amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi wote wa mjini, lakini hilo halimpi kila anayefika leo ruhusa ya kukaa Nairobi. Kama kuna mgonjwa anayetibiwa hapa, au kuna mtu anayemtafuta kwa ubaya, aseme siku ya kwanza na aonyeshe barua za hospitali. Ukishaingia kambini, kutoka kunahitaji kibali, na vibali havitoki ukivitaka.

Askari je? Watamsimamisha, hasa jioni karibu na steji. Karatasi yake ya kuandikishwa aitie kwenye plastiki, aipige picha, na nakala imbakie katibu wa kamati yetu. Tarehe ya kuisha aiangalie mapema. Akikamatwa, Katiba ya Kenya ibara ya 49 inamlinda yeye kama inavyomlinda Mkenya: aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Najua, sheria ni kitu kimoja na steji saa moja usiku ni kingine. Ndiyo maana namba za watu wawili wa kamati azijue kwa kichwa, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Mtu anayepigiwa simu akaja kituoni na nakala mkononi hubadilisha mazungumzo upesi.

Watoto wasisubiri hati ya mama. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure. Mwalimu mkuu atauliza cheti cha kuzaliwa, na hapo tunamtuma mama mmoja wetu ambaye watoto wake tayari wanasoma shule hiyo. Yeye hufanikiwa kuliko barua yoyote niliyowahi kuandika.

Kusubiri majibu kunaweza kuchukua muda mrefu sana, na kodi haisubiri. Kwa hiyo aingie kwenye chama cha kuchangiana kwa zamu, ile likelemba yetu, mapema, hata kwa mchango mdogo. Kina mama wanaouza vitenge hapa wana chao. Wanampokea mgeni bila mtaji, anatembeza mzigo wa mwenzake kwanza. Kanjo, wale askari wa jiji, watamsumbua, lakini kina mama hao watamfundisha njia za kupita.

Niandikie faraghani yuko upande gani wa Kayole, Soweto au Masimba. Usiweke jina lake hapa, wala picha ya karatasi zake. Nikijua, kuna mama atakayempitia asubuhi waondoke pamoja. Mwambie tu alale mapema na awafungie watoto chapati.