Wasomaji Wauliza: Joey Dunlop, bingwa asiyeonekana kwenye orodha

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mwenzangu tumebishana mpaka tukakaribia kukosana kuhusu marehemu Joey Dunlop, mwendesha pikipiki wa Ireland ya Kaskazini. Nilisoma kwamba alikuwa bingwa wa dunia mara tano, lakini mwenzangu ameipitia orodha ya mabingwa wa mbio kubwa za pikipiki, walimo akina Giacomo Agostini na Valentino Rossi, na jina hilo hakuliona. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama kweli alikuwa na uwezo huo, kwa nini aling'ang'ania barabara za vijijini badala ya kwenda kwenye viwanja maalumu vya mbio?
Msomaji wa Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna aliyekosea, kwa sababu kila mmoja wenu anazungumzia ubingwa wake. Mbio za Kisiwa cha Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland, maarufu kwa jina la TT (Tourist Trophy), zilianza mwaka 1907, na tangu ubingwa wa dunia wa pikipiki uanzishwe mwaka 1949 zilihesabiwa ndani yake. Mwaka 1972 Gilberto Parlotti wa Italia alifariki kisiwani humo akiwa mashindanoni, na Agostini, aliyekuwa amekwisha kushinda huko mara nyingi, akatangaza kwamba hatarudi tena. Wengine walimfuata, na baada ya mwaka 1976 TT iliondolewa kwenye ubingwa huo. Ili kisiwa kisibaki mikono mitupu, Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki lilianzisha mwaka 1977 ubingwa mwingine wa dunia ulioitwa TT Formula One, na huo ndio Dunlop alioutwaa mara tano mfululizo, kuanzia 1982 hadi 1986, akiwa na Honda. Ubingwa huo ulifutwa mwaka 1990, na ndiyo maana anayesoma orodha ile nyingine hawezi kumwona.

Sehemu ya pili ya swali lako inahitaji maelezo marefu zaidi. Njia ya mbio katika Kisiwa cha Man ni barabara ya kawaida inayofungwa kwa saa chache, yenye urefu wa takriban kilomita 60.7 na kona zaidi ya 200. Inaanzia mjini Douglas, inapita katikati ya vijiji, kando ya kuta za mawe, nguzo za simu na milango ya nyumba za watu, kisha inapanda ubavuni mwa mlima Snaefell, ambako jua linaweza kuwaka upande mmoja huku ukungu umetanda upande wa pili. Waendeshaji hawaondoki kwa pamoja. Huachiwa mmoja mmoja kila baada ya sekunde 10, kwa hiyo mshindi anaweza kumaliza mbio nzima bila kumwona mpinzani wake mkuu, akitegemea vibao ambavyo wasaidizi wake humwonyesha kando ya barabara.

Katika uwanja maalumu wa kilomita nne au tano, mtu aliyekosea kona huirudia baada ya dakika moja na nusu hivi, akajirekebisha. Kisiwani Man, enzi za Dunlop, kona ile ile ilirudi baada ya karibu dakika 20, na mbio ndefu zilikuwa na mizunguko sita tu. Anayeshindana huko lazima barabara nzima iwe kichwani mwake kabla hajawasha injini: wapi lami imevimba, wapi maji hutuama mvua ikinyesha, wapi kivuli cha miti huifanya lami isikauke. Dunlop alikwenda huko kwa mara ya kwanza mwaka 1976, akashinda mwaka uliofuata, na aliendelea kuisoma barabara hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Wanaosema kwamba alikuwa mtu asiyeogopa kufa, kwa maoni yangu, hawamtendei haki. Ujasiri walikuwa nao wote waliopanga mstari pale Douglas. Yeye alikuwa na maarifa ya barabara ambayo wengi wao hawakuwa nayo.

Mfano mzuri ni mwaka 1980. Dunlop alishindana akiwa na Yamaha ya cc 750 dhidi ya Mick Grant, aliyekuwa na Honda ya kiwandani yenye kila kitu. Mafundi wake walikuwa wamemfungia tangi kubwa la mafuta ili apunguze kusimama, lakini ukanda uliolishikilia tangi hilo ukakatika angali njiani. Aliendelea kulibana kwa magoti na mikono, akipunguza mwendo mahali ambapo pikipiki huruka, na hata hivyo alishinda na kuweka rekodi ya mzunguko mmoja kwa wastani wa zaidi ya kilomita 185 kwa saa. Mwaka uliofuata Honda wenyewe wakamchukua.

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba mtu huyu alishinda akiwa na umri ambao wanamichezo wengine wamekwisha kustaafu. Je, ni kweli? Na je, mbio hizo zilimpa utajiri?
Msomaji wa Nakuru

JIBU: Ni kweli. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 alianguka vibaya katika uwanja wa Brands Hatch nchini Uingereza, akavunjika mguu na kifundo cha mkono, na TT ya mwaka huo ikampita. Kwa miaka mitatu hakushinda kitu kisiwani, na wengi walimwona kuwa amekwisha. Mwaka 1992 alirejea kwa ushindi wa cc 125 uliomfikisha mara 14 kwenye TT, sawa na Mwingereza Mike Hailwood aliyekuwa akishikilia rekodi, na mwaka 1993 akampita. Mwaka 1998 alishinda mbio za cc 250 katika mvua, wakati majeraha ya ajali iliyompata wiki chache kabla yalikuwa bado hayajapona. Mwezi Juni mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 48, alishinda mara tatu katika wiki moja, ikiwemo mbio ya pikipiki kubwa mbele ya vijana kama David Jefferies, na jumla ya ushindi wake wa TT ikafika 26.

Kuhusu fedha, hakuishi maisha ya kifahari. Alimiliki baa katika mji wake wa Ballymoney, na alipenda kuzishughulikia pikipiki zake kwa mikono yake mwenyewe hata alipokuwa na uwezo wa kuwaachia mafundi. Pamoja na hayo, alikuwa akipakia chakula na nguo kwenye gari na kuzipeleka kwenye vituo vya yatima nchini Romania, Bosnia na Albania, bila waandishi wa habari kumfuata. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya michezo mwaka 1986, na nyingine mwaka 1996 kwa huduma hiyo ya kibinadamu.

SWALI: Alifarikije, na je, rekodi yake bado ipo?
Msomaji wa Bukavu

JIBU: Alifariki tarehe 2 Julai 2000 mjini Tallinn, Estonia, kwenye mbio za barabarani za Pirita. Alikuwa amekwisha kushinda mbio mbili siku hizo, na alikuwa akiongoza ya tatu, ya cc 125, pikipiki ilipoteleza kwenye lami yenye maji na kugonga miti. Mazishi yake karibu na Ballymoney yalihudhuriwa na watu wapatao 50,000. Mdogo wake Robert, naye bingwa wa barabarani, alifariki katika mazoezi ya North West 200, mbio za barabarani za Ireland ya Kaskazini, mwaka 2008, na William, mtoto wa Robert, alifariki mwaka 2018 kwenye mbio za Skerries nchini Ireland.

Aliyeivunja rekodi hiyo ya ushindi 26 wa TT ni mtoto mwingine wa Robert, Michael Dunlop, aliyemfikia na kumpita baba yake mkubwa mwaka 2024, kisha mwaka 2025 akafikisha ushindi wa 33. Wanaolinganisha wawili hao wakumbuke kwamba siku hizi madaraja mengine hushindaniwa mara mbili katika wiki moja ya mbio, na kwamba Joey alikuwa bado anashinda wiki chache kabla ya kifo chake.